Breki za Gari la Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amepiga simu nikiwa nanyoa ndevu. Jumapili anatimiza miaka sabini na mitano. Hataki keki, hataki wageni, hataki kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya maua. Anataka jambo moja tu: apandishwe gari la marehemu mumewe, vioo vishushwe, apite mbele ya posta ya zamani. Pale alikaa dirisha la pili akiuza stempu, na baba mkwe alikuwa akipita na gari hilo mara nne kwa siku, mtu ambaye hakuwa na barua hata moja ya kutuma.

Gari liko kwetu uani, chini ya turubai. La michezo, jekundu, milango miwili, limemzidi umri mke wangu (mstari huu asiuone). Linawaka. Linakwenda. Shida ni kusimama. Ukikanyaga breki mara moja, halisikii. Mara ya pili, linatafakari. Mara ya tatu, linaelekea kushoto.

Mama mkwe akaongeza kwamba kama Jumapili halitembei, basi shemeji aje alichukue, maana gari lisilotembea ni kabati tu. Shemeji! Mdogo wake mke wangu, fundi wa lifti, mtu anayepanda na kushuka maisha yake yote bila kufika popote. Amelimezea mate gari hili tangu siku ya msiba.

Nikampigia Fundi Kimya, aliyelihudumia tangu enzi za marehemu. Akasema viatu vipya vya breki, mipira mipya ya silinda, hozi mpya za kupitishia mafuta, siku moja yatosha. Kwake hiyo ni hotuba.

Viatu! Vya kubana ndani ya ngoma ya gurudumu, kama enzi za babu! Magari yote ya siku hizi yana diski mbele. Mimi ni mwalimu wa nadharia kwenye chuo cha udereva. Miaka kumi na miwili nachora mfumo wa breki ubaoni kwa chaki za rangi nne. Sijawahi kuushika kwa mikono, lakini mikono inafuata kichwa.

Uamuzi: naweka diski. Mwenyewe. Mke wangu akauliza kama Fundi Kimya anajua. Nikasema ameshirikishwa.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nimefundisha umbali wa kusimama. Sijawahi kufundisha vizuri hivi. Mwanafunzi mmoja, mama mshonaji wa mstari wa mbele, akauliza mwalimu mwenyewe anaendesha gari gani. Nikasema la michezo. Darasa zima likanitazama upya.

Mchana, kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Bahati ya mtende! Kigari cha kusambazia mikate, kimegongwa nyuma, mbele kizima kabisa. Diski mbili, kalipa mbili za kuzibana, bado zina harufu ya hamira. Mwenye uwanja akauliza nafungia gari gani. Nilipomwambia, akaacha kutafuna.

Nimerudi, nikapiga jeki. Ngoma ya kushoto ilitoka kwa nyundo. Ya kulia ilitoka kwa nyundo kubwa zaidi. Kazi safi. Mafuta ya breki kidogo yalimwagikia madigadi ya mbele, nikayaacha yakauke yenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mafuta ya breki hayakauki. Mafuta ya breki yanakula rangi. Kwa nini sikulijua hili? Halimo kwenye kitabu cha nadharia! Madigadi ya baba mkwe yamejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nimebandika karatasi juu. Mke wangu kauliza ni ya nini. Nikasema naikinga rangi na jua.

Kikwazo kingine. Kalipa zimefungwa vizuri kabisa, mabano ya kuzishikia nimemchongesha fundi wa kuchomelea, lakini gurudumu haliingii. Rimu ni ndogo, kalipa ni nene. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilirudi mbio uwanjani kuchukua na magurudumu ya kigari cha mikate. Mashimo ya nati yanalingana! Karibu yalingane. Matatu kati ya manne. La nne nililipanua kidogo.

Sasa gari linatazama juu. Mbele limeinuka, nyuma limechuchumaa. Kalipa nimezipaka njano, rangi iliyobaki ya geti.

Shemeji akapita, eti kumsalimia dada yake. Akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma. Akauliza kwa nini linaonekana kama linataka kupiga chafya. Nikamweleza kuwa ni mtindo. Akauliza anaweza kupima upana wa geti. Nikamuuliza wa nini. Akasema anataka kujua kama gari la kuvuta litaingia.

Mshenzi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedeli, mwingine analala chini ya gari anafungua nipeli, kijiskrubu cha kutolea upepo kwenye kalipa, upepo unatoka, anafunga. Rahisi. Nimemwomba mke wangu akiwa ametoka kazini, hata viatu hajavua.

“Kanyaga!”

“Nimekanyaga.”

“Shikilia!”

“Nashikilia nini?”

“Pedeli!”

“Pedeli imeshikilia sakafu, mume wangu. Imefika mwisho.”

“Basi achia!”

“Niachie pedeli au niachie hii ndoa?”

Saa mbili nzima. Chupa mbili za mafuta. Kila nikifungua nipeli yanatoka mafuta safi, mazuri, bila povu hata chembe, na bado pedeli inabonyea kama mkate wa maziwa. Upepo umo humo ndani. Nausikia. Umejificha mahali unanicheka.

Mke wangu kashikwa na mkakamao wa paja la kulia. Ameingia ndani anachechemea, akasema kwamba siku baba yake alipomuuliza kama ana uhakika na huyu mwalimu, alijibu upesi mno.

Kisha simu. Mama mkwe. Amenunua kitambaa cha kichwa cha hariri, cha bluu, cha kufunga ili upepo usimvuruge nywele. Akauliza kama nadhani kitapendeza na wekundu wa gari. Nikasema kitapendeza sana, Mama. Kisha akaniambia hajalala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango kwa muda mrefu. Sikuonja hata chai.

Ijumaa, 7 Machi

Majaribio. Nimewaza kwamba labda upepo ungetoka wenyewe gari likitembea. Uani kwetu kuna mteremko mdogo, usioweza kumtisha hata mtoto wa baiskeli. Nikaingia, nikaachia, gari likaanza kuteremka taratibu kama bibi harusi.

Nikakanyaga. Hakuna kitu. Nikakanyaga mara mbili. Mara sita. Pedeli ikawa inakwenda juu na chini kama cherehani, gari likiendelea na safari zake.

Shemeji akatokea getini wakati huohuo. Hakukimbia. Alitembea kando yangu, dirishani, mwendo uleule.

“Shemeji, habari za leo?”

Nikasema nzuri.

“Unaelekea wapi?”

Nikasema nafanya majaribio.

“Nikushikie?”

Nikasema hapana, asante. Nikakumbuka breki ya mkono. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Ikaja yote, pamoja na kipande cha waya, nikabaki nimeishika kama mpokeaji wa tuzo.

Akauliza tena kama anishikie. Mbele kulikuwa na tangi la maji, na juu ya tangi mke wangu alikuwa ameanika shuka. Nikasema haya, nishikie. Akaweka mkono mmoja kwenye boneti. Mmoja! Mwingine ulikuwa na simu. Gari likasimama.

Mke wangu aliyaona yote dirishani. Pazia lilitikisika sana. Nadhani ni kwa kicheko.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesalitiwa. Saa mbili asubuhi nimetoka na kikombe changu nikamkuta Fundi Kimya uani, amechuchumaa mbele ya gurudumu. Mke wangu kampigia simu bila kunishirikisha. Nilipolalamika, akasema nimeshirikishwa sasa hivi.

Fundi Kimya akazitazama kalipa za njano. Akaitazama karatasi kwenye madigadi, akaifunua, akairudisha polepole kama anayemfunika maiti. Kisha akazitazama tena kalipa.

“Mwalimu,” akasema, “ya kushoto umeifunga kulia.”

Nikauliza inaleta tofauti gani, si zote ni kalipa?

“Nipeli zimekaa chini. Upepo unakaa juu.”

Basi. Mke wangu, aliyekuwa ameshika paja lake, akaanza kucheka hadi akakaa chini kwenye saruji. Chupa mbili za mafuta! Saa mbili! Na upepo wenyewe umekaa juu kama mgeni rasmi, ukitutazama tunahangaika chini.

Nikapendekeza tubadilishe tu kalipa upande. Fundi Kimya akaingiza kidole kwenye lile shimo la nati nililolipanua, akakizungusha humo, akanionyesha jinsi kinavyocheza. Sikupendekeza tena.

Akatoa kila kitu. Diski, kalipa, mabano, magurudumu ya mikate. Akarudisha ngoma za zamani, akazipiga msasa, akaweka viatu vipya, mipira, hozi, waya mpya wa breki ya mkono. Mimi nilikuwa nampa spana. Nikimpa ya kumi na tatu, yeye ananyoosha mkono na kuchukua ya kumi na nne, bila neno, bila hasira. Hilo ndilo lililoniuma. Angenitukana ningepumua.

Wakati wa kutoa upepo, mke wangu alikanyaga pedeli mara tano tu. Ikawa ngumu kama jiwe. Akanitazama kupitia kioo. Akatabasamu, na mimi nikatabasamu, ingawa nilikuwa nimenuna.

Kabla hajaondoka, Fundi Kimya aliniambia kwamba viatu vya breki vya gari hili amevibadilisha mara kumi na moja, na kila mara marehemu alikuwa anakaa pale, kwenye ndoo iliyogeuzwa, anauliza jambo moja tu: je, litasimama sawasawa mbele ya dirisha?

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe alikuja na kitambaa cha bluu na miwani mikubwa ya jua. Alilizunguka gari akiligusa kwa vidole viwili. Alipofika kwenye madigadi akasimama. Nikafungua mdomo. Akasema pale ndipo alipoparuza yeye, mwaka aliojifunza kuendesha, na marehemu aliapa kwa majirani kuwa ni paka. Akaomba karatasi ibaki.

Tuliondoka vioo vikiwa chini. Mke wangu na shemeji walitufuata kwenye kigari cha shemeji, chenye ngazi juu ya paa. Kwenye makutano ya kwanza nilikanyaga breki nikiwa nimefumba macho. Gari likasimama. Limenyooka! Kushoto halikuenda hata inchi moja. Mama mkwe akauliza kwa nini nimefumba macho. Nikasema ni jua.

Posta imefungwa Jumapili, lakini madirisha ni yaleyale, yenye nondo za kijani. Alinielekeza: mbele kidogo, kidogo tena, hapo. Gari likasimama mbele ya dirisha la pili kama lililotiwa nanga. Akaniomba nipige honi mara mbili, fupi. Nikapiga.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akacheka peke yake. Akasema siku zile alikuwa anajifanya hasikii. Alikuwa anahesabu stempu moja mara tatu ili mtu huyo apige honi tena. Nikapiga tena bila kuombwa. Hapo ndipo akanipiga kibao kidogo begani na kuniita mwanangu. Shemeji nyuma yetu naye akapiga honi, na nilipotazama kwenye kioo nikamwona anafuta macho kwa mkono wa shati. Nikamsamehe karibu yote.

Tulipofika nyumbani Mama mkwe alitangaza mbele ya wote kwamba gari linabaki kwangu. Akasema pia Fundi Kimya ndiye atakayegusa breki, sasa na milele. Nikakubali kwa moyo mmoja. Mambo mengine nimejifunza, na mtu mzima hujua mipaka yake.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe alisema breki. Wote walisikia.

Hakutaja joto, lakini jana wakati wa kurudi alijipepea mara saba kwa mkono. Nilihesabu. Bibi wa miaka sabini na mitano, ndani ya gari la heshima kama lile, anatokwa jasho! Nimechora mchoro. Jokofu dogo la jikoni lina kila kitu kinachohitajika: mota, mabomba, baridi yenyewe. Nyuma ya siti kuna nafasi yake kamili, labda nikiondoa siti moja.

Mke wangu ameuliza kutoka jikoni mbona maziwa yamewekwa dirishani. Nimemjibu yanapunga hewa.

Mlango wa jokofu umeshatoka. Halafu kuna gesi fulani inatoka bombani kwa sauti nzuri ajabu.