Kisigino cha Tabibu Yayat

Yayat Ruhiyat aliiona riziki yake chini ya viti vya harusi.

Hakuwa amealikwa. Lakini alikuwa na shati la batiki lililopigwa pasi, na katika harusi za mji wa Bandung shati la namna hiyo haliulizwi kadi. Alikuwa nyuma ya ukumbi na sahani yake ya pili ya wali na nyama, kijiko kikamponyoka, akainama kukiokota. Ndipo alipoona. Juu ya meza, safu nzima ya akina mama wa heshima walikuwa wamenyooka kama masanamu ndani ya kebaya, blauzi zao za sherehe za kubana. Chini ya meza, wote walikuwa wamevua viatu virefu na kila mmoja anajisugua kisigino kwa kidole gumba cha mguu wa pili. Mmoja alikuwa ameweka unyayo juu ya chupa ya maji baridi, amefumba macho kama anayeomba dua.

"Ya Rabi," Yayat akanong'ona akiwa bado amepiga magoti, "watu wote hawa wanaumwa, na hakuna hata mmoja aliyewauzia kitu."

Mpaka siku ile alikuwa ameuza bangili za kushusha presha, kisha vichujio vya maji ambavyo havikuweza kuchuja hata majani ya chai. Wiki hiyohiyo akaenda soko la jumla akanunua viinua unyayo, katoni nzima. Vilikuwa soli fupi za plastiki nyeusi, zina kinundu katikati cha kubeba tao la unyayo, na pembeni kigurudumu chenye namba moja mpaka tano cha kupandishia na kushushia kinundu hicho. Jozi moja ilimgharimu rupia elfu thelathini na tano. Alikaa jioni nzima akibandua vibandiko vya bei kwa kucha, akavilaza ndani ya visanduku vyeupe vyenye kitambaa laini, na kulipokucha vilikuwa vimetoka kwa daktari mmoja wa Uswisi na vinauzwa rupia laki saba.

Tuseme haki: kitu chenyewe si kibaya. Wako watu duniani kimewasaidia. Ila Yayat hakujua kinamsaidia nani, wala hakuwahi kupoteza usingizi kwa kutaka kujua.

Na hapo pana jambo ambalo hakumwambia mtu. Kisigino chake cha kushoto kilikuwa kinamuua. Miezi minane sasa, kila asubuhi hatua ya kwanza kutoka kitandani ilikuwa kama kukanyaga msumari wa moto. Hakufikiri hata mara moja kuvaa bidhaa yake mwenyewe. Mtu atapona vipi kwa kitu cha elfu thelathini na tano? Alijikaza tu, akatabasamu, akatembea wima, maana alijua vyema kwamba siku tabibu wa miguu atakapoonekana anachechemea, ndiyo siku atakayorudi kwenye vichujio.

Alianzia nyumbani kwa Bi Komala, mke wa afisa mstaafu, mwanamke ambaye hajawahi kununua kitu cha bei nafuu bila kukionea haya. Akina mama wa upatu walikutana kwake kila mwezi. Yayat alimwahidi jozi ya bure akimkusanyia wenzake, na Bi Komala, mwenye nyumba mbili na gari, aliiona jozi hiyo ya bure akatetemeka kwa uchu.

Siku ilipofika, Yayat alivua viatu vyake vyeusi vinavyong'aa, akavipanga barazani pamoja na viatu vya wageni wengine, akaingia peku.

"Bi Komala, simama hapa katikati. Fumbata mikono mbele ya kitovu. Usilegee."

Akaibonyeza mikono ile chini, kwa kidole kimoja tu. Bi Komala akayumba mbele, akamkumbatia shingoni. Wenzake wakapiga yowe.

"Mmeona? Mti usio na mizizi! Sasa kanyaga juu ya hivi."

Akaviweka viinua unyayo sakafuni, akamsimamisha juu yake, akabonyeza tena, safari hii kwa mikono miwili, huku mishipa ya shingo imemtoka. Bi Komala hakutikisika. Siri ya mambo ni nyepesi hata aibu kuitaja: ukibonyeza mikono ya mtu huku unaivuta kidogo kwako, atakuangukia hata awe askari wa gwaride; ukiibonyeza kuelekea visigino vyake, utachoka wewe. Lakini nani ana haja ya siri pale ambapo kuna Uswisi?

"Dokta," akauliza mama mmoja mnene, "mimi kutwa niko peku nyumbani. Nitavivaa wapi?"

"Swali la msomi hilo! Kwa ajili yenu kuna soksi maalumu za kuvishikilia. Laki moja tu."

"Na nikienda sokoni na kandambili?"

"Mama yangu, kandambili ndizo zilizokufikisha hapa."

Wakacheka. Kisha wakaanza kushindana.

"Komala umemwekea namba ngapi?"

"Tatu."

"Basi mimi niwekee tano."

"Na mimi sita," akasema mwingine kutoka nyuma.

"Sita haipo, mama."

"Daktari wa Uswisi mzima ameshindwa kutengeneza sita?"

Jozi kumi na moja zilitoka, na soksi zake. Yayat alikuwa amesimama saa nzima na nusu juu ya vigae baridi, kisigino kinawaka, uso unang'aa kama wa bwana harusi. Alipotoka barazani alikuta kiatu chake cha kushoto kimo mikononi mwa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Bi Icih, mjane wa fundi viatu wa Cibaduyut, mtaa wa washona viatu. Naye alikuwa mwanachama wa upatu, ila alichelewa kutoka kazini na vidole vyake vilikuwa na gundi, kwa hiyo alikaa palepale nje akila bala-bala za moto, zile bajia za mboga. Viatu vilikuwa mbele yake, na mtu aliyeshona viatu miaka arobaini pamoja na mumewe hawezi kuviangalia tu bila kuvisoma.

"Hivi vyako, mwanangu?"

"Vyangu, mama."

"Soli imelika ubavu mmoja kama kipande cha sabuni. Unaukwepa mguu wa kushoto." Akaingiza vidole ndani, akavuta kitu. "Na hiki?"

Kilikuwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kimekatwa umbo la kisigino.

"Huyu daktari wa Uswisi," akasema Bi Icih, "ndiye aliyekuandikia sponji?"

Yayat akageuka kutazama mlangoni. Ndani, akina mama walikuwa bado wanaonyeshana namba zao.

"Mama, tafadhali, sauti."

"Sauti yangu ndogo tangu kuzaliwa. Ikibidi, hupanda."

"Unataka nini?"

"Jozi moja."

Yayat nusura acheke. Jozi moja! Bei ya mwanamke huyu ilikuwa ndogo kiasi cha kutia huruma. Akampa sanduku, akavaa viatu vyake.

"Asubuhi ukishuka kitandani ni kama msumari?" Bi Icih akauliza, akifuta mafuta vidoleni.

Yayat akainama kukaza kamba za kiatu.

"Marehemu mume wangu aliwatengeneza wengi wa namna yako. Walikuja wameshikwa bega, wakarudi kwao wakitembea wenyewe."

"Aliwapa nini?"

"Si wewe ndiye tabibu?" Akavaa kandambili zake akaenda zake.

Maneno yale yalimkaa Yayat kichwani siku tisa. Siku ya kumi, katikati ya kikao kwenye nyumba nyingine, mguu ulimsaliti mbele za watu.

"Dokta, mbona unachechemea?"

"Nawaonyesha," akasema Yayat, jasho likimtiririka, "wagonjwa wangu hutembeaje kabla hawajanijia."

Walipiga makofi. Lakini yeye alijua kwamba uongo ule hautamfaa mara ya pili. Asubuhi yake alikuwa Cibaduyut.

Karakana ya Bi Icih ilikuwa chumba kimoja cha mbele. Ukutani zilining'inia nyayo za mbao ambazo mumewe alizichonga kwa vipimo vya wateja, kila moja ina jina kwa penseli. Wengi wa wenye majina hayo walikwisha kufa, na aliyechonga naye amekufa, lakini kila Ijumaa Bi Icih aliziteremsha zote akazifuta vumbi.

"Sitengenezi," alisema kabla Yayat hajaketi. "Marehemu ameniachia kipande kimoja tu cha ngozi."

"Nitakupa milioni."

Bi Icih akaenda kuinjika maji ya chai.

"Milioni na nusu!"

"Hayo umeyasema wewe," sauti ikatoka jikoni. "Mimi nilikuwa nauliza kama unatumia sukari."

Aliporudi akampa sharti. Aje kesho alfajiri, na kisigino kile kisiwe kimegusa ardhi tangu usingizini, kwa sababu kikishakanyaga kinadanganya kipimo. Basi Yayat Ruhiyat, aliyewacheka watu kwa kutaka namba sita, alitoka chumbani kwake kukiwa bado na giza-giza, akavuka uchochoro kwa kurukaruka kwa mguu mmoja mbele ya majirani wanaotoka msikitini, akapanda bodaboda mguu umenyooka mbele kama mkuki, na akafika Cibaduyut akiwa amemshikilia dereva mabegani. Bi Icih alimpima kwa uzi. Alipima mara tatu, anahema, anatikisa kichwa. Mume wake kwa kawaida alipima mara moja.

Baada ya siku mbili akampa soli mbili za ngozi ya kahawia, zimeshonwa kwa mkono, zinanukia nta.

"Tembea."

Yayat akatembea mpaka mlangoni. Akarudi. Akatembea tena. Machozi yakamlengalenga.

"Mama Icih, ungekuwa na akili ya biashara, ungekuwa tajiri."

"Ndiyo maana wapo watu kama nyinyi," alisema Bi Icih, na kuifunga milioni na nusu ndani ya kitambaa.

Wiki mbili Yayat alikuwa mtu mpya. Alishuka kitandani kama kijana. Aliuza jozi thelathini, akaanza kusema kwamba yuko daktari mwingine, wa Austria. Kisha mvua ya Bandung ikamkuta barabarani, viatu vikajaa maji, na alipovikausha jioni ile aliona ngozi ya marehemu imebanduka ukingoni. Akaivuta. Chini yake palikuwa na plastiki nyeusi. Pembeni palikuwa na kigurudumu, kiko kwenye namba tatu, na karibu nacho alama ya kucha yake mwenyewe aliyobandulia bei.

Alifika Cibaduyut akipiga kelele tangu mwanzo wa barabara.

"Mwizi! Umeniuzia mali yangu!"

"Karibu, mwanangu. Mali yangu hiyo. Ulinipa mwenyewe, barazani kwa Komala."

"Ulisema ni dawa ya marehemu!"

"Nilisema ngozi ya marehemu. Na ngozi ni yake, Mungu amrehemu, alitaka kunishonea mkoba." Akaweka nyundo chini. "Wiki hizi mbili kisigino kimeuma?"

Yayat akazitazama soli mkononi mwake.

"Nauliza. Kimeuma?"

"Hakikuuma."

"Basi unanidai nini? Nenda polisi. Waambie umepona."

Yayat akazitupa soli zile miguuni pa Bi Icih, akaondoka ameuinua uso. Asubuhi yake aliposhusha mguu, msumari ulikuwa unamngoja pale sakafuni, na ulikuwa mrefu kuliko zamani. Akafungua katoni yake. Akajaribu jozi ya kwanza, namba moja mpaka tano. Akajaribu ya pili. Kufikia adhuhuri alikuwa amezungukwa na visanduku vyeupe ishirini, na kila alichokikanyaga kilikuwa plastiki ya elfu thelathini na tano, kwa sababu yeye peke yake katika mji mzima alikuwa na hakika ya bei yake.

Alivumilia siku nne. Siku ya tano Bi Icih alimwona amesimama nje ya karakana, kofia mkononi, mguu mmoja juu.

"Mama Icih."

"Mwanangu."

"Nitengenezee vingine. Na safari hii usiniambie umetia nini ndani. Nikikuuliza, usiniambie. Hata nikilia."

Bi Icih alimtazama kama anayetazama kiatu ambacho hakistahili gharama ya kushonwa.

"Milioni tatu."

"Tatu? Mara ya kwanza ilikuwa moja na nusu!"

"Ile ilikuwa bei ya kisigino," alisema, akaushika uzi wa kupimia. "Hii ni bei ya kunyamaza, na kazi ya kukunyamazia wewe ni ngumu zaidi. Lipa, kisha kesho uje kwa mguu mmoja."

Akalipa.