Plasta Yenye Pindo

Jumatatu, 4 Machi

Kifaduro kimeingia mtaani. Watoto wawili wamelazwa. Tajiri wetu amewakusanya watu wote wa karakana na kusema kwamba sisi tunashona nguo za watoto wachanga, kwa hiyo hakuna atakayegusa kitambaa bila kuchanjwa. Muuguzi anakuja Jumatano. Kuchanjwa! Mimi! Miaka yote hii natembea na pini mdomoni kama meno ya akiba, lakini nikiona sindano ya hospitali magoti yanageuka uji.

Sikuweza kusema hivyo mbele za watu. Nikapanda juu ya kigoda, nikasema hili ni suala la haki. Mwili wangu si jora la kitambaa, kila mtu aukate apendavyo. Makofi! Hata mimi nilijishangaa. Mkataji wetu, ambaye hunipinga hata nikisema leo ni Jumatatu, alijibu kwamba jioni kila mtu huzima pasi yake kabla ya kutoka, na hakuna anayedai haki ya kuiacha ikiwaka, kwa sababu moto hauulizi pasi ni ya nani. Nikamwambia pasi na damu ni vitu viwili tofauti. Sijui nilimaanisha nini. Nikapigiwa makofi tena.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Mlangoni alikuwapo binti yangu, anayekaa kwetu kwa sasa, na mwanawe mkononi. Mjukuu wangu wa kwanza, hajamaliza hata mwezi. Namwita Bobini, maana wanamviringisha blanketi kama uzi wa cherehani, mpaka huoni mwanzo wala mwisho. Nikanyoosha mikono. Binti akarudi nyuma. Akasema kuanzia leo asiyechanjwa hamshiki mtoto, kwa kuwa mwenyewe bado ni mdogo mno kuchanjwa. Nikauliza, hata babu yake? Akasema hasa babu yake, anayeshinda chumba kimoja na karakana nzima.

Mke wangu alichanjwa mchana bila kumwambia mtu. Kikulacho ki nguoni mwako!

Jumanne, 5 Machi

Mkwe amekuja. Huyu ni baba wa mume wa binti yangu, mwalimu mstaafu, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Kachanjwa tangu mwezi uliopita, kabla ya kuambiwa na mtu. Akakaa kwenye kiti changu, akampakata Bobini, akaanza kumfundisha kuzidisha. Mbili mara mbili, nne. Kwa mtoto ambaye hata shingo haijakaza! Halafu akasema pua ya mtoto ni ya ukoo wao. Pua ile ni yangu, kila mwenye macho anaona.

Nilisimama kizingitini nikinyoosha shingo. Bobini akapiga chafya, Mkwe akamfuta kwa leso yake. Iliniuma. Nasema kweli, iliniuma karibu sawa na sindano.

Nikamweleza binti msimamo wangu wote, haki, uhuru, jora la kitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, unaogopa?"

Nikamjibu kwamba ninatafakari.

Jumatano, 6 Machi

Muuguzi amekuja na kisanduku chake cha baridi. Mama wa vifungo, anayeketi mashine ya jirani na yangu, alimwambia waziwazi kwamba chanjo fulani ya zamani ilimvimbisha mkono, na kwamba hapendi kuamrishwa kabla ya kuulizwa. Nilifurahi sana. Jeshi langu limeingia kazini! Lakini muuguzi alivuta kiti, akamuuliza chanjo ipi, lini, uvimbe ulikaa muda gani. Akamweleza atarajie nini, na kwamba akitaka kumwona daktari kwanza atamsemea kwa tajiri. Wakazungumza vizuri. Mwishowe mama akakunja mkono wa blauzi yake mwenyewe.

Swali lake lilikuwa swali la kweli. Langu lilikuwa magoti. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Zamu yangu ilipokaribia nilimwambia tajiri kwamba nitachanjwa zahanati ya karibu na kwangu. Kisha nikapata wazo. Penye nia pana njia! Nikachukua kipande cha bitana cha rangi ya plasta, nikakikata, nikakimalizia vizuri, maana mimi si mtu wa kazi chafu, nikakibandika begani kwa gundi. Ukiniona utanipa pole.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemshika! Asubuhi nilitoka na fulana nikiugulia, mkono unaning'inia. Binti akaona plasta kwa mbali, akafurahi mpaka akasahau kuuliza maswali. Akaniwekea Bobini mikononi. Ana joto la nguo iliyotoka kwenye pasi sasa hivi. Alinitazama kwa jicho moja, la pili halikuona haja. Sijawahi kumpenda mtu kwa haraka hivyo.

Jioni, Mkwe alipokuwapo, mambo yaliharibika. Kwanza mke wangu aliuliza kwa nini asubuhi nilikuwa nauguza mkono wa kushoto na sasa nauguza wa kulia. Nikasema maumivu yanatembea. Binti akasogea, akainama, akaitazama plasta kwa muda mrefu.

"Baba," akasema, "tangu lini hospitali wanashona plasta pindo?"

Pande zote nne. Mishono midogo, iliyolingana, uzi wa rangi ileile. Mkono wangu ulifanya wenyewe! Nikajitetea kwamba bila pindo bitana ingefumuka. Mkwe akavaa miwani, akasifu ushonaji. Binti hakucheka. Alimchukua mwanawe, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi Bobini alikohoa. Mara moja, kisha mfululizo, uso ukawa mwekundu. Hakuna aliyenitazama. Afadhali wangenitukana.

Tulikwenda zahanati haraka, wao mbele, mimi nyuma kabisa. Njiani niliwaza kwamba jana nilimbusu kichwani. Nilimwahidi Mungu kila kitu nilicho nacho, pamoja na cherehani ya tajiri. Daktari akamsikiliza kifua, akasema maziwa yalimpalia tu, mtoto ni mzima. Nikalia mbele ya kina mama wote waliokuwa kwenye foleni.

Kisha nikaenda kwa muuguzi, nikamwambia anichome kabla akili haijanirudia. Nikafumba macho, nikaanza kumweleza habari za haki. Akasema tayari. Tayari! Sikusikia chochote. Nikazimia hata hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa.

Nilipofumbua macho binti alikuwa ananipepea. Akasema asante, Baba. Halafu akasema muuguzi amemfahamisha leo kwamba nisubiri wiki mbili mwili upate kinga, ndipo nimshike mtoto. Wiki mbili! Nimedhulumiwa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepanda kigoda tena. Nimesema chanjo iwe lazima kwa wote, na asiyetaka afukuzwe leo hii. Wapiga pasi wawili wakagoma. Wakasema miili yao si majora ya kitambaa. Nikauliza ni mpumbavu gani aliyewafundisha maneno hayo. Karakana nzima ikanigeukia mimi.

Mkataji alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Wale wawili wameomba kuzungumza na muuguzi, si na mimi.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nimeruhusiwa. Na leo ndiyo siku ya Bobini kuchanjwa yeye. Mkwe alijitolea kumpakata. Nikamwambia kazi hiyo inahitaji mtu mzoefu. Nilimpakata tangu nyumbani hadi kwenye benchi la zahanati, naye amenishika kidole gumba, amelala. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani.

Muuguzi akapangusa paja. Akainua sindano. Lile paja dogo!

Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa nje, ng'ambo ya barabara, Bobini kifuani analia, na mimi namweleza fundi viatu asiyenijua kwamba hakuna mtu anayeweza kulazimishwa. Binti alinifuata mbio, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Baba," akasema akihema, "mtoto hakuwa anaogopa. Alikuwa amelala."

Tukarudi ndani, Mkwe akampakata, muuguzi akamchoma. Bobini alilia kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano, akanyonya, akalala tena. Mimi nilipewa maji.

Nyumbani nimeeleza kwamba nilimtoa mtoto apunge hewa. Chanjo inayofuata ni mwezi ujao. Nimetafakari na kuona ni uchoyo babu mmoja kuhodhi heshima yote, kwa hiyo nimemwachia Mkwe, kwa moyo mweupe kabisa. Mke wangu ameuliza kama angalau nitawasindikiza. Nimemwambia siku hiyo nitakuwa na kazi nyingi sana. Sijajua bado ni kazi gani.