Rangi ya Kijani kwa Kila Jenereta

Waziri alikuwa bado anaongea redioni, akieleza jinsi nchi itakavyoachana na petroli na dizeli na kuhamia kwenye jua na upepo, wakati mgeni mmoja pale kwenye kibanda cha chai alipouliza bei ya kukodi ghala tupu nyuma ya duka la vipuri. Sisi wengine tulisikia sera ya taifa. Yeye alisikia riziki.

Kesho yake alirudi na koti la kijivu, miwani isiyomsaidia kuona chochote na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alijiita Mratibu. Sisi tulimwita Mionzi, na jina likamganda. Akatangaza kwamba atakayesalimisha jenereta kabla ya Ijumaa atapewa paneli ya jua bure, na atakayechelewa atatozwa faini. Fundi cherehani, mama asiyependa kupitwa na cha bure, akauliza kama hata jenereta iliyokufa itapokelewa.

Hapo ndipo Mionzi alipojipalia makaa. Hakutaka kuonekana ana haja na jenereta zetu, na serikali aliyoifahamu yeye haikuwa na tabia ya kujaribu kama kitu kinawaka.

"Mama, sisi hatuzitaki ziwake," akasema. "Tunataka zizime milele."

Tulimpigia makofi, kisha tukakimbia majumbani kuficha zile nzima chini ya vitanda. Jioni hiyo muuza chuma chakavu aliishiwa jenereta mbovu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu mtaa huu uwepo. Mimi nilipeleka mbili, moja ikiwa na kiota cha panya ndani, na njiani nilijiona mtu mwenye akili nyingi sana. Serikali tumeipata, tuliambiana.

Mionzi naye hakuwa mjinga. Ili mtu asije akaitambua mali yake sokoni, alimwajiri fundi wa rangi na kumwagiza kwamba kila kinachoingia ghalani kipakwe kijani chote, chapa na namba zipotee. Kijani ndiyo rangi ya nishati safi, alitueleza, na sisi tukaona hoja ina uzito.

Usiku alirudi kwake, upande wa pili wa mji, akala, akafanya mazoezi ya hotuba mbele ya mkewe. Mke huyo alikuwa msusi na aliamini mumewe anaendesha semina. Saluni yake ya chumba kimoja iliendeshwa na jenereta iliyonguruma mlangoni, na moshi wake ulikuwa umempa mtoto wao wa mwisho kikohozi kisichosikia dawa. Mionzi alipofika pale anaposema jua halikohoi wala halimkohozeshi mtoto, mkewe alifuta machozi kwa kanga. Mionzi alifurahi mno. Hotuba imeiva, alijiambia, akalala usingizi mnono.

Alhamisi alilala ghalani kulinda mali, na Ijumaa asubuhi mnunuzi wa mitambo alifika na lori. Akavuta kamba ya jenereta ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kwenye ya tano panya wangu walitoka mbio. 

"Bwana," mnunuzi akauliza, "hili ni ghala au makaburi?"

Ilibaki moja tu, pembeni, rangi yake bado mbichi. Ilivutwa mara moja ikanguruma, safi kabisa, jenereta iliyotunzwa na mtu anayeitegemea. Mionzi aliipapasa kwa mapenzi hadi kiganja kikawa kijani.

"Kumbe mji huu una mjinga mmoja," akasema. "Mungu ambariki popote alipo."

Mnunuzi alikata gharama ya mafuta ya lori kwenye bei ya ile moja, mwenye ghala na fundi wa rangi wakachukua haki zao. Kilichobaki kilitosha mkate. Mionzi aliubeba hadi nyumbani, akamkuta mkewe juu ya paa la saluni akifagia mabati. Pale mlangoni palikuwa na doa la oili tu.

"Baba watoto, nilitaka nikushtukize," mkewe akasema akiwa huko huko juu. "Jana dada aliniambia kuna mradi mtaani kwao, nikampa mtu wa mkokoteni aipeleke. Si wewe mwenyewe uliyenifungua macho? Sasa waulize hao wenzako, paneli yangu inakuja lini? Jumatatu nina wateja."

Mtoto alikuwa amekaa kizingitini akicheza na kopo. Hakuwa amekohoa tangu jana. Mionzi alitazama kiganja chake, akakificha mfukoni, akasema Jumatatu haitapita.

Haikupita. Koti liliuzwa, miwani ikauzwa, saa ikauzwa, na paneli halisi ikawekwa juu ya yale mabati kwa mkopo. Deni analilipa kwa kuwabebea paneli wenye duka waliomkopesha. Ndiyo maana mwezi uliopita alitokea mtaani kwetu na paneli kichwani. Hatukumpiga. Tungemshtaki kwa kutuibia nini?

Aliiweka chini akatueleza habari za jua, safari hii bila miwani, na kila neno lilikuwa kweli. Alitueleza na habari za mtoto wake. Tulimsikiliza hadi mwisho, tukamwambia hatudanganyiki mara mbili, kisha tukachukua madumu yetu tukaenda kununua petroli.