Konsinye Mbele ya Mahakama

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025

Tumefika Lilongwe, mi na bibi yangu wa ndoa, Rosette. Anatafsiria mama mmoja wa Burundi, Léoncie, mwenye kesi na mwenye nyumba yake. Kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka, imemupa Rosette ruhusa ya kutoka juma yote, na mi nimeandikwa musindikizaji. Cheo kidogo, lakini kinanitoa Dzaleka. Tunalala mutaa wa Area 36, kwa mudogo wake Charlène.

Kwenye mulango wa mahakama, meza ya polisi. Silaha yote inabaki pale. Mbele yangu mupelelezi alitoa bastola yake. Mama polisi, Sajini Nkhoma, akaielekeza ndani ya pipa la muchanga, akatoa risasi, akasoma leseni, akaifungia kwenye kabati ya chuma, akamupa jetoni yenye namba. Polepole, kama mutu anaosha mutoto muchanga. Nyuma, bantu banakasirika. Halafu akachukua na mukasi wangu. Mi ni mushoni, natembea nao kama padri na rozari.

Pale pale wazo likaja. Foleni ndefu, bantu ba haraka, vitu havina pa kulala. Nitafungua konsinye ngambo ya barabara: unaacha kitu, unapata jetoni, unaingia. Nimemwambia Rosette. Amesema mambo ya polisi niachie polisi. Hana jicho la biashara.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimeanza. Sanduku la bati nimeazima kwa Charlène. Anafikiri ni la kubebea unga. Jetoni nimekata kwenye karton. Asubuhi nilipata mwavuli, panga, na kuku muzima. Mwenye kuku alisema huyo kuku njo ushahidi wake, lakini polisi bamekatala aingie. Kuku amekula jetoni ya mwavuli.

Muchana akatokea Cishahayo. Huyu ni jirani yangu wa Dzaleka, mushoni kama mi. Nilipouza sambusa, akauza sambusa. Nilipoingia korali, akaingia korali, tena na sauti. Anasema amekuja Lilongwe kutafuta vitambaa. Ametandika shiti karibu yangu na kusimamisha kibao: KONSINYE YA KISASA. Jioni sikuweza kula.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Leo ni siku mbaya. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi bantu bote balienda kwa Cishahayo. Basi nikatangaza, kwa Kiswahili, Kiingereza na Chichewa yangu ya sokoni, kwamba mi napokea kila kitu, hata kile kinaleta shida pale mezani. Bwana mumoja wa suti ya buluu akasimama. Akaniwekea mukoba wa ngozi mapajani, akasema jina lake limeshaitwa ndani, nisifungue, zikomo, asante. Akaingia mikono mitupu.

Mukoba ulikuwa muzito. Nikafungua zipu kidogo, kiasi cha kidole. Chuma nyeusi. Bastola.

Mi nilitoka Bukavu sababu ya hivi vitu. Nikipeleka kwa Sajini, ataona mukimbizi na bastola mbele ya mahakama. Nani ataamini habari za suti ya buluu? Nikikimbia, mi ni mwizi wa bastola. Karatasi zetu, zangu na za Rosette, zinaweza kuishia hapa.

Njo nikafanya akili. Nikamwambia Cishahayo sanduku langu limejaa, amupokelee huyu mukubwa mukoba wake, namupa kama ndugu. Alifurahi hata hakuuliza. Akaweka mukoba chini, akaupigapiga ulainike, akaukalia.

Hiyo sikuifikiria. Kila akigeuka kuita bantu, mukoba unageuka naye. Pembeni yake mama mumoja, mutoto mugongoni, alikuwa anapanga machungwa ya kuuza. Nikajaribu kutazama mawingu. Sikuweza. Mudomo wa ile bastola ulikuwa unatazama nani? Mama? Mutoto? Cishahayo mwenyewe, tena pahali pabaya? Nikainuka, nikamukaribia.

Nikamwambia kwa sauti ya chini:

«Cishahayo, simama polepole. Usiguse kitu.»

«Unataka kuninyang'anya muteja. We mwenyewe ulinipa.»

«Ndani iko bastola.»

Akacheka. Akasema siku hizi uongo wangu hauna hata chumvi. Nikashika mushipi wa mukoba upande mumoja, akashika wa pili. Akavuta. Nikavuta. Zipu ikapasuka, bastola ikaanguka katikati ya machungwa.

Mama akakimbia na mutoto wake. Sajini Nkhoma akaja, hakukimbia. Akatuamuru tulale kifudifudi. Akaiokota, akaenda nayo kwenye pipa la muchanga, akachomoa magazini, akavuta chuma nyuma. Risasi moja ikaruka kutoka chemba. Ilikuwa tayari. Cishahayo akaitazama, halafu akatazama pahali alikuwa amekalia, akaanza kulia. Mi pia. Sitaandika zaidi juu ya hiyo.

Bakatupeleka ndani. Sajini akaomba mutafsiri. Akaingia Rosette.

Uso ule sijawahi kuuona, hata siku ya kukimbia Bukavu. Nikaeleza kirefu: moyo wangu wa kusaidia bantu ba foleni, hila za suti ya buluu, tamaa ya Cishahayo. Rosette akasikiliza mpaka mwisho, akamugeukia Sajini, akasema maneno machache ya Kiingereza. Kiingereza hicho nakijua. Amesema: ni mujinga, anaomba musamaha.

Nikalalamika kwamba nimesema mengi zaidi.

«Ukiyakamua,» akanijibu, «njo hayo tu yanabaki.»

Bwana wa suti akatolewa mbele ya jaji. Leseni yake ilikwisha mwaka jana, njo maana aliogopa meza. Amebaki kwa polisi. Sisi bametuachilia na onyo. Rosette alilitafsiri vizuri sana, neno kwa neno: bastola haiachwi kwa mutu wa barabarani, inaachwa mezani, ikiwa tupu, mwenyewe akitazama. Tukionekana pale tena na sanduku, tutajibu kwa jaji.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Rosette hasemi nami. Akitaka kitu anamwambia Charlène, Charlène ananiambia, mi najibu kwa Charlène. Tuko batatu ndani ya chumba kimoja na mutafsiri anachoka.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Dzaleka. Léoncie ameshinda kesi, nyumba haitamutoka. Rosette alishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba bantu, akicheka, mpaka aliponiona.

Jioni Cishahayo akakuja kutusalimia. Mbele ya Rosette akasema mi nilihatarisha maisha kumutoa juu ya ile bastola, bila mi angekuwa maiti. Rosette akachukua sahani yangu. Halafu akanipakulia nsima, ugali wa huku, kwa mukono wake. Nilitaka kueleza nani alimupa Cishahayo ule mukoba. Lakini nsima ilikuwa ya moto, nikala kwanza.

Nimetafuta kosa langu ni wapi. Nimeliona. Pahali. Mahakama iko na meza moja na Sajini mwenye macho. Capital Hill, kule Lilongwe, iko na ofisi nyingi za serikali, milango mingi, na bakubwa bote banachelewa. Cishahayo amekubali tushirikiane. Mi nitapokea mikoba myepesi, ye mizito.

Rosette ameniuliza naandika nini. Nimemwambia maombi.