Ombi la Kuondolewa Mlima Sebuleni Kwangu

Ndugu Mkuu wa Idara ya Jiolojia,

KUH: MLIMA ULIOLETWA NYUMBANI BILA TAARIFA

Pokea salamu zangu, tena uzipokee ukiwa umeketi, maana mimi nakuandikia nimesimama. Viti vyote vimesogezwa ukutani kuupisha mlima.

Mimi ni fundi cherehani, mke wa yule mwalimu wako mrefu anayefundisha mazoezi ya uwandani. Kwa miaka kumi na tisa mume wangu alibeba nyundo, dira na buti, akaenda kupanda mlima na wanafunzi wake wiki tatu kila mwaka. Sikuwahi kulalamika. Muhula huu idara yako imempa miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Ukiivaa unauona mlima mzima na miamba yake, na wanafunzi, kila mmoja kwao na miwani yake, wanakutana naye humo humo. Chumba mlichompa chuoni kina nguzo katikati, ameshaigonga mara mbili, basi mlima ukahamia kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu alirudi nyuma hatua mbili ili alitazame jabali vizuri, akamkalia mama yake mzazi. Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake. Aliniuliza kwa upole kama mwanawe amechanganyikiwa. Nikamjibu yuko kazini. Akasema hata marehemu mumewe alikuwa na kazi, lakini hakuwahi kumkalia mtu.

2. Jumatano mteja wangu, mama mmoja mwenye mwili wake, alikuja kujaribu gauni. Nimemzungushia futi kiunoni, mara mume wangu akawatangazia wanafunzi kwa sauti ya darasani: "Tazameni hapa! Tabaka hili la chini ni zee sana, limebanwa mpaka limejikunja, na bado linaendelea kuporomoka!" Mteja aliondoka na pini zangu mwilini. Hajarudi, na simu hapokei.

3. Zamani alirudi na vumbi, nikajua alikotoka. Siku hizi anavua miwani huku anatweta, ananiambia, "Mke wangu, leo tumepanda mita mia sita," kisha anaomba maji ya moto akandwe miguu. Nimemkanda. Lakini ndala zake, Ndugu Mkuu, hazijavuka zulia.

4. Hili naliandika polepole, kwa kuwa ni siri ya ndani. Zile wiki tatu zilikuwa likizo yangu. Nililala katikati ya kitanda. Redio niliifungulia sauti niitakayo. Dada yangu alikuja tukacheka mpaka mbavu zikatuuma, na kupika tulipika tulipojisikia. Halafu siku ya kurudi kwake nikisikia buti mlangoni, moyo uliruka kama wa bibi harusi. Ndoa yetu ina afya kwa sababu kila mwaka tulipeana nafasi ya kukumbukana. Sasa mtu ambaye haondoki, nitamkumbuka saa ngapi?

5. Mlima ukiwa ndani ya nyumba yangu, basi mwenye mlima ni mimi, na mwenye mali ana haki ya kuifunga. Kuanzia wiki ijayo mlima utafungwa saa nne asubuhi hadi saa sita mchana, wateja wanapokuja. Wanafunzi wote arobaini watabisha hodi kabla ya kupanda, na atakayevunja jiwe atazoa vipande vyake.

6. Hayo yakishindikana, naomba mimi nipelekwe kwenye ule mlima wenyewe wa kweli, ambao nasikia umebaki mtupu, nikapumzike wiki tatu. Cherehani nitaibeba mwenyewe.

Nisalimie katibu muhtasi wako, mtunza stoo ya nyundo, na dereva wa basi la idara ambaye sasa kazi yake ni kulipangusa vioo. Wote waambie sina ugomvi nao.

Ni mimi, ninayetafuta pa kukaa,
Mke wa Mwalimu

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha mlango ukagongwa. Alikuwa binti mmoja mwanafunzi, anayetembea kwa magongo mawili, kaleta ripoti yake. Akaniamkia, nikamkaribisha, tukazungumza. Kumbe mwaka jana aliachwa ndani ya basi alinde mabegi. "Mama, ule mlima niliusikia tu kwa wenzangu," akaniambia. Muhula huu ndiye aliyeugundua ufa uliouhamisha upande mzima wa mlima, ufa ambao wenzake wote waliupita wakiongea. Mume wangu hakunieleza hata neno; yeye habari zake ni mita tu. Nikamwomba anionyeshe. Akanivalisha miwani, akanielekeza pa kutazama: matabaka yamekuja yamenyooka, yakafika pale yakakatika, yakaendelea juu zaidi, kama kitambaa kilichoshonwa na mtu asiyelinganisha maua. Nilipiga kelele nikacheka. Ndugu Mkuu, miaka kumi na tisa nafua mashati yenye vumbi la mahali pale, na hakuna aliyewahi kuniambia ni pazuri hivyo. Mlima usiguswe. Na kama mnao mwingine mrefu zaidi, tuleteeni. Kabati la vyombo tumeshalihamishia uani.