Daraja la Shambani Kwetu Mmelifungia Nini?

Kwa Mkuu wa Kampuni ya Gemu ya Shamba,

Mwanangu, maana hata kama una mvi kwangu wewe ni mwanangu, pokea salamu zangu na hasira zangu, zote nimezitia bahasha moja. Shule sikwenda. Anayeandika ni kinyozi wa jirani, nami nimemkataza kunirembea maneno.

Mimi ni fundi wa nguo. Mjukuu wangu alipohamia mbali kikazi alinunua gemu yenu mara mbili, ya simu yake na ya simu yangu, ili kila jioni tulime pamoja. Tumelima vizuri. Hunitania kwamba ng'ombe wangu wana adabu kumzidi yeye, nami humwambia hao hawakunitoroka. Sasa mmeongeza ng'ambo ya mto humo kwenye gemu, na kuvuka mpaka mtu alipie daraja. Yeye amelipia daraja, amevuka. Mimi nimebaki ukingoni na ng'ombe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mjukuu anasema hiyo ng'ambo imo tayari ndani ya simu yangu, ila imefungwa. Mwanangu, nikishona gauni la mtoto naacha upindo mpana kwa ndani. Mtoto akirefuka, mama yake analeta, nafumua, anakwenda zake. Nguo aliinunua pamoja na upindo wake.

2. Nikasema labda mshamba ni mimi. Nikajaribu mtindo wenu kwa mama muuza mkate, aliyeleta gauni la bintiye lirefushwe. Nikamwambia kitambaa kimo, ila kukifungua ni nyongeza ya kulipia. Akaniuliza, bibi, umeanza lini mambo haya? Nikamjibu nimefundishwa na kampuni kubwa. Alikunja gauni lake akaondoka bila kuaga. Kwa hiyo mmenikosesha mteja, na mkate wa moto.

3. Ugonjwa unaenea. Huyu kinyozi ameniuliza kama na yeye anaweza kunyoa upande mmoja, wa pili uwe nyongeza. Nimemtishia mkasi. Kesho seremala atauza mlango, bawaba kando. Mkunga atamzalisha mama, kilio cha mtoto kilipiwe peke yake.

4. Hapa sicheki. Kila jioni mjukuu wangu ananipungia mkono kutoka ng'ambo. Mkono tu! Homa zake nilikesha nazo, meno yake yaliota mapajani mwangu, wala sikumwambia upendo uliobaki umefungwa. Naomba daraja lifunguliwe bure kwa mabibi wote. Au wewe mwenyewe uje tukae ukingoni, uchunge ng'ombe hawa mpaka moyo ulainike.

Nisalimie mkeo, watoto, wafanyakazi wote, na hasa aliyemchora yule ng'ombe mwekundu. Ana mkono mzuri, mwambie.

Ni mimi, bibi mwenye hasira nyingi na kinyongo hana,
(alama ya dole gumba)

Baada ya dole gumba: Kinyozi, usifunge bahasha. Mwanangu, mama wa mkate amerudi leo asubuhi, kaweka gauni mezani, na hela ya upindo, na mkate juu yake. Mfuko wa gauni nimemshonea bure, sijawa kama nyinyi kabisa. Lakini hela hiyo nimenunulia daraja. Nimevuka. Kumbe mjukuu wangu alikwisha kunijengea chumba huko, kitanda kimeelekea dirishani kama ninavyopenda. Malalamiko yote nayafuta. Ila ng'ombe wamegoma kuvuka. La kwao daraja mnauzaje?