Bango Langu Limenitangulia

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekaguliwa. Nimeongea dakika thelathini na nne kati ya arobaini. Sikuhesabu mimi. Kahesabu Madam Perpetua, mkufunzi wetu, aliyeketi nyuma ya darasa na saa yake ile ya kubonyeza. Kasema mwalimu wa watu wazima hupimwa kwa jinsi wanafunzi wake wanavyoongea, si yeye. Kasema mimi nilikuwa redio. Mbele ya Florabelle, tunayesomea naye ualimu!

Somo la mwisho ni Jumanne ya wiki ijayo. Nikifaulu, napata cheti, na chuo hiki hiki hapa Cebu kitaniajiri niwafundishe Kiingereza Wakorea wanaokuja kwa miezi mitatu mitatu. Nisipofaulu, narudi kwa shemeji Bitoy kuwakanda miguu majogoo wake wa kupigana. Nina miaka thelathini na tisa. Majogoo wale hawaniheshimu.

Nimerudi nyumbani nimechoka hoi. Njia panda, karibu na kanisa dogo, nikakutana na uso wangu. Turubai zima! HONGERA MWALIMU ELEUTERIO P. GABUTAN, MWALIMU WA KIMATAIFA, FAHARI YA MTAA WETU. Picha wametoa kwenye leseni yangu ya udereva, ile niliyofumba jicho moja. Bango ni kubwa kuliko la mwenyekiti wa mtaa.

Nikamwambia Mama kwamba bango hutundikwa mtu akishafaulu. Akajibu kuwa binamu Nonoy alikuwa anachapa mabango ya sikukuu ya mtakatifu wetu, akalichomeka langu katikati. Nikamwambia angengoja siku nane tu. Akaacha kukoroga sufuria.

"Kwani hutafaulu, Dong, mwanangu?"

Nikasema chakula kinanukia vizuri.

Jumanne, 4 Juni

Hila ya kwanza: kunyamaza. Rahisi kabisa. Kama kosa ni kuongea, dawa ni kufunga mdomo.

Nikaandika swali ubaoni: mnafanya nini siku ya mapumziko? Nikakunja mikono. Wanafunzi wangu ni watatu. Kuna Mzee Bae, miaka sitini na saba, fundi lifti mstaafu kutoka Daegu. Kuna Nesi Noh, anayetaka kwenda kufanya kazi Kanada. Na kuna Gwak, karani wa benki, mtu mpole asiyeweza kusema uongo hata ule wa adabu.

Kimya. Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, Gwak akaangalia viatu vyake. Ya nne, Nesi Noh akainuka, akawasha tochi ya simu, akaniamuru nipanue mdomo. Alidhani sauti imenikauka. Alinichungulia koo kwa makini sana, na akasema tonsili ziko salama.

Baadaye Florabelle akanieleza, bila kuombwa, kwamba wale wawili hawawezi kujibu kabla ya mkubwa wao kujibu. Adabu yao ndivyo ilivyo. Na mkubwa wao hakuwa amegoma, alikuwa anajenga sentensi. Sasa mimi ningejuaje? Alikuwa ananuna kabisa!

Madam Perpetua kaandika mstari mmoja tu kwenye fomu yangu: redio imekatika umeme.

Jumatano, 5 Juni

Zamu ya Florabelle. Ana miaka ishirini na nne na kalamu za rangi saba. Kavuta kiti karibu na Mzee Bae, kamuuliza yeye kwanza, kisha katulia huku anamtazama kana kwamba hana pengine pa kwenda. Mzee kasema sentensi tatu kuhusu lifti. Baada yake wengine wakafunguka, hata Gwak. Florabelle kaongea dakika sita tu.

Madam katabasamu. Wiki tatu niko naye, sikujua kama ana meno.

Wakati wa chai niliazima kwa Florabelle kalamu ya kijani, nione kama siri iko humo. Kanipa. Halafu kaniambia, "Kaka Teryo, usinielewe vibaya, ila wewe huwasikilizi. Unangoja tu wamalize." Nikamshukuru. Nimeandika hapa ili nisisahau kumchukia.

Kalamu haijanisaidia. Sijairudisha.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata! Nilikuwa naoga, maji yakakatika, wazo likaja.

Somo langu la mwisho ni kumwelekeza mtu njia mjini. Wanafunzi hawaongei kwa sababu hawajui. Basi wajue mapema! Wakiingia darasani wanajua kila kitu, wao watamwagika kama bomba na mimi nitakaa pembeni kama bwana harusi. Madam ataishiwa na wino wa kunisifia.

Nimewaalika wote watatu nyumbani Jumapili. Mama aliposikia wageni wanatoka Korea, kaagiza nguruwe wa kuchoma mzima. Nikamwambia ni watu watatu. Kasema atamwonea nani aibu akitoa nusu nguruwe, mimi au jirani? Shemeji Bitoy naye kachangia jogoo aliyeshindwa jana, aende kwenye supu. Kaniambia nimtazame vizuri yule jogoo, kwa sababu nafasi yangu bado ipo.

Jumapili, 9 Juni

Wamekuja. Mzee Bae kavua viatu nje kabisa, getini, kaingia na soksi juu ya udongo. Kaleta boksi la majani ya bahari yaliyokaushwa. Mama kawapeleka njia panda, kawapanga chini ya bango, kawapiga picha kumi na moja. Mzee Bae kalitazama bango kwa muda, kisha kaniuliza kama nimeshakuwa mwalimu. Nikamwambia bado kidogo. Kasema hata kwao akina mama wana haraka.

Wamekula. Gwak kala ngozi ya nguruwe mpaka shemeji Bitoy akasimama kumpigia saluti.

Kisha kazi. Nimepanga mji mzima juu ya meza: mifupa ya jogoo ikawa maduka, vile vifuko vya wali vilivyosukwa kwa makuti vikawa kanisa na posta. Tumefanya somo lote mara tatu. Maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nimewaonyesha hata pa kucheka. Nesi Noh kaandika kila kitu kwenye daftari, kapigia mstari.

Katikati Mzee Bae alitaka kuniuliza jambo. Kitu kuhusu mjukuu wake, sijui maneno fulani aliyokuwa anayatafuta. Nikamwambia baadaye, Mzee wangu, sasa hivi tuko posta, tunakata kushoto. Kakata kushoto. Mwanafunzi mzuri sana.

Nimelala nikiwa na furaha. Bango halinitishi tena, hata lile jicho.

Jumanne, 11 Juni

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Nimeuliza swali la kwanza. Mzee Bae kajibu papo hapo. Nesi Noh kafuata, Gwak kafuata. Maji! Nikajiegemeza kwenye ubao. Dakika ya sita, Nesi Noh kajibu swali ambalo nilikuwa sijaliuliza. Dakika ya saba, Gwak kacheka mzaha ambao nilikuwa sijautoa. Dakika ya tisa, somo likaisha.

Likaisha lote. Wameketi, wameweka mikono juu ya meza, wananitazama kwa upendo.

Madam kainua macho kutoka kwenye saa. Kamuuliza Gwak taratibu, je, somo lilikuwa gumu?

"Jumapili lilikuwa gumu, Madam," kasema Gwak. "Leo rahisi. Na nguruwe alikuwa mtamu mno."

Zimebaki dakika thelathini na moja. Andalio la somo tupu. Magoti yakanilegea, nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, katikati yao. Nikasema ukweli, kwa sababu kilikuwa ndicho kitu pekee kilichobaki. Nikasema sina kitu kingine. Nikasema nikianguka leo, Mama itabidi aazime ngazi, apande mwenyewe kushusha uso wangu, na mtaa mzima utasimama kumwangalia. Nilitaka kulia. Naandika hivi kwa kuwa hakuna anayesoma.

Kimya tena. Safari hii sikuwa nangoja chochote.

Ndipo Mzee Bae akasema, neno moja moja, kwamba kama Ticha hana somo, yeye analo. Ana mjukuu Sydney, miaka saba, anajua Kiingereza tu. Kila Jumamosi wanapigiana simu ya video. Mtoto anasema halo, yeye anasema halo. Mtoto anamwonyesha gari lake la kuchezea. Halafu wanatazamana mpaka binti yake aje kuchukua simu. Kuna kisa anataka kumsimulia na maneno hana.

Nikamuuliza kisa gani. Nilitaka kujua tu.

Basi. Zamani lifti ya hospitali ilikwama na mama mjamzito ndani, uchungu umeshaanza. Bae, wakati huo kijana, kaketi gizani juu ya paa la ile lifti, kazungumza na yule mama kupitia kitundu kwa saa mbili ili asiogope, huku mikono yake inafungua nati. Mtoto kazaliwa kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Miaka arobaini anakisimulia kwa Kikorea. Mjukuu wake hajawahi kukisikia.

Akikwama, mimi nampa neno moja. Nesi Noh kampa maneno ya uzazi. Gwak kaichora lifti ubaoni kwa kalamu ya kijani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza: ulimwambia nini yule mama? Kisha? Kisha ikawaje? Mara ya kwanza alikisimulia kwa vipande. Mara ya pili kikasimama. Mara ya tatu, alipofika pale mtoto alipolia ndani ya lifti, sikukumbuka kama niko darasani. Kengele ilipolia sote tulisema aaa.

Madam kaniita kwenye varanda. Kasema dakika tisa za mwanzo zilikuwa maigizo, na hizo kazipa sifuri bila taabu. Zile thelathini na moja hawezi kuzipa alama vizuri, kwa sababu alisahau kubonyeza saa. Cheti hawezi kutoa kwa somo la nusu. Ila ananipa nafasi nyingine, Alhamisi ya wiki ijayo, na wanafunzi wapya kabisa. Hakuna nguruwe, hakuna nyumbani, hakuna mazoezi ya siri.

"Fanya kile kile ulichofanya leo, Eleuterio," kasema. "Hicho tu. Usiongeze kitu."

Florabelle kapata cheti. Kanikumbatia. Nimemruhusu.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia Mama. Nilitegemea alie. Kaniuliza kama nimekula. Kisha kachukua kipande cha boksi, kaandika kwa herufi kubwa HIVI KARIBUNI, kapanda ngazi, kakifunga chini ya bango langu. Mimi ndiye niliyeishika ngazi. Majirani wawili wametoka kuangalia, na Mama kawasalimia kutoka juu kana kwamba yuko kwenye maandamano ya sikukuu.

Sitamwangusha. Naapa kwa mtakatifu wetu, sitamwangusha.

Jumapili, 16 Juni

Siku nne nimeyachambua maneno ya Madam. Fanya kile kile. Kumbe mbinu imekuwa mbele ya pua yangu! Nimeiandika yote kwenye andalio la somo, dakika kwa dakika. Dakika ya tisa: mwalimu anaishiwa. Dakika ya tisa na nusu: mwalimu anakaa, magoti yanalegea (nimefanya mazoezi na kiti cha jikoni, goti la kushoto linalegea vizuri zaidi). Dakika ya kumi: Mama, ngazi, bango. Sauti inakatika hapa. Dakika ya kumi na moja: mzee mmoja anainuka na kisa.

Pengo ni moja tu. Wanafunzi wapya hawana mzee.

Mchana nimekwenda bwenini kwa Mzee Bae. Kabla sijafungua mdomo, katoka mbio na kandambili, kanishika mikono yote miwili. Kasema jana kamsimulia mjukuu kisa chote. Mtoto kaweka gari chini. Kauliza, Babu, hukuogopa? Kasimuliwa tena, na tena, mpaka binti akaja kuchukua simu na mtoto akakataa kuitoa. Dakika arobaini! Mzee Bae kalia pale pale mlangoni, machozi yanamshuka bila aibu, na kila neno la Kiingereza limetoka mahali pake.

Alilia vizuri mno. Wazi kabisa, hata mtu wa nyuma angesikia.

Nikamuuliza kama Alhamisi anaweza kuja kuketi katikati ya wale wapya, avae kofia, na afanye vile vile dakika ya kumi na moja.

Kanitazama muda mrefu. Nadhani anajenga sentensi.